Utando wa mwani na muhogo wa kufungia sabuni, tena bila siki

Nianze na siki, maana ndiyo iliyonichosha roho. Uliza leo namna ya kupika plastiki inayooza jikoni kwako, utajibiwa vile vile na kila mtu: kornflawa, maji, glisirini, siki, koroga. Hata kijana aliyetuletea semina ya wajasiriamali alikuja na hiyo hiyo. Akaipika mbele yetu, akaimimina kwenye sahani, tukampigia makofi, akawahi boti ya jioni. Kwa hiyo yeye hakuiona ilivyokauka. Tulioiona ni sisi tuliobaki.

Mimi napika sabuni za mwani hapa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, za karafuu na za mchaichai. Nilitaka cha kuzifungia ambacho mgeni anaiona sabuni ndani yake, na akikitupa pwani kisidumu kuliko wajukuu zangu. Karatasi inanyonya mafuta, inaingia madoa. Utando wa semina ndio ulioniharibia kabisa: sabuni ya karafuu ikanuka achari. Kumbe kazi ya siki ni kukatakata minyororo mirefu ya wanga ili utando usikauke ukawa wa kuvunjika. Ukiizidisha kidogo tu unabakiwa na uji usioshikana. Wanga wa muhogo hauna haja nayo. Unaiva ukishapita nyuzi joto 60 na kitu, unaacha weupe, unakuwa mwangavu wenyewe.

Na kupika wanga nimejifunza kwa bibi yangu, aliyekuwa akitia wanga kofia za vito. Unauvuruga kwanza na maji baridi, ndipo unaupeleka motoni, moto mdogo, mkono hausimami. Ukiutupa kwenye maji ya moto unapata madonge, na donge likishaingia ndani ya utando halitoki. Hilo semina haikulisema. Haikusema pia kwamba unga wa muhogo si wanga wa muhogo. Kupata wanga, muhogo unaukuna mbichi, unakamua, unachuja, unaacha ule weupe utuame, unamwaga maji ya juu. Kazi ya asubuhi moja.

Lakini wanga peke yake ni dhaifu. Kilichounyoosha wangu ni mwani, na mwani sisi hatuutafuti mbali. Akina mama wa pwani hii wanaulima kwa biashara tangu mwisho wa miaka ya 1980. Wengi siku hizi wanapanda aina inayoitwa spinosamu kwa sababu aina nyingine, kotonii, inakufa maji yakipata moto, ila kwa utando mimi nataka kotonii. Zote mbili zina karajinani, ndicho kitu cha ndani ya mwani kinachogandisha, lakini ya kotonii inaganda ngumu na ya spinosamu inaganda laini, ya kuvutika. Nikikosa kotonii ya kutosha nachanganya, na kusema kweli mchanganyiko haukuwa mbaya hata kidogo.

Sasa sikilizeni habari ya makumbi, maana hii hakunifundisha mtu. Nilisoma kwamba viwandani wanaupika mwani na dawa kali yenye potasiamu, ndiyo inayoifanya karajinani ya kotonii ishikane barabara. Dawa hiyo mimi niipate wapi, na nikiipata nani atanishikia mkono nikiungua? Nikakumbuka kwamba majivu ya makumbi ya nazi yana potasiamu tele. Nikachoma makumbi, nikaloweka majivu, nikayaacha yatuame, nikachuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Maji yake yanateleza vidoleni, na ukiwa na kidonda utajuta, kwa hiyo vaa glavu. Nikalaza mwani humo usiku kucha, asubuhi nikauosha mpaka maji yakatoka safi, nikauchemsha mpaka ukayeyuka. Mgando wa siku ile ulisimama sahanini wenyewe! Shoga yangu, aliyekuwa akinicheka tangu nianze, akaubonyeza, akanyamaza, kisha akaniuliza makumbi mangapi. Nikamjibu kiasi.

Mwani ulioyeyuka uchuje ungali moto, ukipoa umekwisha. Vipimo vyangu ni vya vijiko: vitatu vikubwa vya wanga kwa nusu lita ya mchanganyiko wa wanga na mwani, glisirini kijiko kimoja na nusu cha chai. Watu watakwambia ongeza glisirini uwe laini. Usikubali. Glisirini inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya huku kwetu unyevu inao wa kutosha. Utaamka ukute utando unatoka jasho. Ya duka la dawa inatosha na haigharimu pesa nyingi, chupa ndogo inanichukua muda.

Pa kumimina nilipatafuta sana. Kwenye kioo unang'ang'ania, unaukwangua kwa kisu. Kwenye nailoni ya kufunikia meza unabanduka vizuri, ila nailoni ina mikunjo. Basi nikakichukua kioo cha dirisha la zamani, nikakimwagia maji, nikalaza nailoni juu yake, nikasukuma maji na hewa vitoke kwa kiganja. Yale maji machache yanayobaki chini yanaikamata nailoni, inanyooka tambarare. Kupima kama kioo kimelala sawa natumia gololi ya mtoto: inakokimbilia, ndiko naweka sarafu chini. Najua, najua, natengeneza mbadala wa plastiki juu ya plastiki. Lakini nailoni ni ile ile moja, naiosha narudia.

Kukausha ndiko wengi wanakoharibu. Kijana wa semina alisema juani. Juani kingo zinakauka kabla ya katikati, na utando unajikunja kama gome la mdalasini. Wangu naukausha barazani, kivulini, upepo upite, juu nimetandika chandarua kwa ajili ya nzi na mchanga. Haubanduliwi mchana ukiwa mkavu kau, utapasuka. Ungoje alfajiri, hewa ya usiku imeulainisha, anza pembeni, utakuja wote.

Uhifadhi kwenye bati lenye mfuniko. Fungu langu la kwanza zuri niliacha juu ya kabati, panya wakalila lote. Kama kuna aliyekuwa na shaka kwamba unaoza, ajue unaliwa hata kabla ya kuoza.

Meneja mmoja wa hoteli alikuja kutaka sabuni za bafuni zilizofungwa hivyo. Nikamwambia za bafuni hapana, utando huu ukikutana na mikono yenye maji unageuka utelezi. Achukue za kuuza mapokezi. Amekubali, na sasa anazitaka nyingi, zote mwezi wa nne. Mwezi wa nne, masika yote hayo, nguo zenyewe hazikauki! Nimemwambia atapata mwezi wa saba.