Skrini inayokwama: kuiweka Guacamole nyuma ya Nginx

Unaandika neno kwenye kompyuta ya mbali, herufi zinakaa kimya sekunde mbili tatu, kisha zinamwagika zote kwa mkupuo. Usikimbilie kulaumu intaneti. Mara nyingi tatizo ni proksi iliyo katikati, ambayo hukusanya data kwanza ndipo iipeleke mbele. Kwa ukurasa wa habari hilo halina ubaya. Kwa skrini inayobadilika kila mausi inaposogea, ni balaa.

Apache Guacamole ni programu huria inayofungua Windows au Linux ya mbali ndani ya brauza, bila kusakinisha chochote kwenye mashine uliyokalia. Brauza inaingia Nginx (seva ya wavuti, ambayo hapa ndiyo proksi) kwa poti 443, Nginx inapeleka kwa Tomcat (seva inayoendesha ukurasa wa Guacamole) kwenye 8080, Tomcat inaongea na guacd (huduma ya Guacamole inayofanya kazi nyuma ya pazia) kwenye 4822, na guacd ndiyo inayoifikia Windows kwa RDP (itifaki ya Windows ya kompyuta ya mbali), poti 3389. Kwa watu wa nje fungua 443 peke yake. Hiyo 4822 haiulizi neno la siri, kwa hiyo anayeifikia anaweza kuiamuru guacd iunganishe na mashine yoyote inayoiona. Ifunge kwenye 127.0.0.1, yaani isikilize mashine yake yenyewe tu.

Upande wa Nginx, weka hivi:

location /guacamole/ {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_buffering off;
    proxy_http_version 1.1;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
    proxy_set_header Connection $http_connection;
}

Mistari ya Upgrade na Connection ndiyo inayoruhusu websoketi (muunganisho unaobaki wazi kwa pande zote mbili) kupita. Nginx haipitishi vichwa hivyo (maelezo yanayoambatana na ombi) yenyewe. Usipoviandika, vinaishia mlangoni. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu Guacamole haikatai kufanya kazi. Inarudi kimyakimya kwenye HTTP ya kawaida, skrini inafunguka, lakini ni nzito. Na kama proxy_buffering haijazimwa, njia hiyo ya pili nayo inakwama.

Usikisie. Bonyeza F12, ingia sehemu ya mtandao, kisha fungua kompyuta ya mbali. Ukiona websocket-tunnel yenye jibu 101, uko salama. Ukiona foleni ya maombi ya tunnel?read na tunnel?write, websoketi imekatwa mahali fulani. Kama Nginx yako iko sawa, angalia proksi ya ofisi anakotoka mtumiaji: zile zinazofungua na kukagua TLS (usimbaji wa https) zinaweza kuiua websoketi, na dawa ni msimamizi wake kuliondoa jina la seva yako kwenye ukaguzi.

Ukitaka anwani fupi, bila /guacamole/, andika location / na uongeze njia kwenye proxy_pass: http://127.0.0.1:8080/guacamole/. Mkwaju (/) wa mwisho una kazi, usiusahau. Ongeza pia proxy_cookie_path /guacamole/ /;

Kuna jambo linalopuuzwa hadi linaleta hasara. Tomcat inamwona kila mtumiaji kama 127.0.0.1, kwa kuwa anayegonga mlango wake ni Nginx. Historia ya miunganisho inakosa maana. Na ukiwa na ulinzi unaofungia anwani baada ya majaribio mabaya ya neno la siri, mtu mmoja akikosea mara kadhaa, ofisi nzima inafungiwa. Ndani ya server.xml, faili la mpangilio la Tomcat, kwenye sehemu ya Host, ongeza:

<Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve" internalProxies="127.0.0.1" remoteIpHeader="x-forwarded-for" />

Kisha iwashe Tomcat upya.

Faili zikigoma kupanda na ukapata kosa 413, ni kikomo cha Nginx cha megabaiti 1. Kipandishe kwa client_max_body_size, tuseme 200m.

Wanaotumia Apache httpd badala ya Nginx waweke flushpackets=on kwenye ProxyPass, na mstari wa pekee wa ws:// kwa ajili ya websocket-tunnel.

Kabla ya kuwasha mabadiliko, endesha nginx -t, halafu systemctl reload nginx. Skrini iliyokuwa wazi tayari itaendelea kutumia mpangilio wa zamani, kwa hiyo ikate na uunganishe upya ndipo upime.