Mjomba, hela ya korosho na jino la skrubu

Mwaka ule hela ya mnada ilimwingilia mjomba benki vizuri, na binti yake alikuwa anaolewa hapa Mtwara mjini, kwaiyo akashuka na kosta ya asubuhi kutoka Tandahimba akanikuta bado niko na kanga, hata chai hajanywa anasema twende kwa daktari wa meno. Meno mawili ya mbele juu hana, alidondoka na pikipiki miaka mingi nyuma, na harusi imebaki kama wiki mbili. Kuna mtu kamwambia siku hizi wanakufunga jino kwa skrubu unatoka nalo hapohapo, unatafuna mpaka mahindi ya kuchoma.

Tukapanda bajaji mpaka kliniki moja hivi, daktari mwenyewe binti mdogo tu, akampa shikamoo yake mzee akaitikia, afu badala ya kuangalia mdomo akaanza maswali. Una sukari? Presha? Dawa gani unameza, kuna ya kufanya damu iwe nyepesi? Umewahi kupewa dawa au sindano ya mifupa? Unavuta? Mjomba akanigeukia mimi ananong'ona kwa sauti ambayo mtaa mzima unasikia, "Huyu anatibu meno au ni polisi?"

Sukari anayo. Vidonge anameza siku akijisikia, siku nyingine mizizi. Na sigara anavuta.

Mi nilidhani maswali yale ni utaratibu tu wa kujaza faili, kumbe ndo kazi yenyewe. Yule binti alieleza kwa subira sana: ile skrubu ni ya titaniamu, inakaa badala ya mzizi wa jino, na haishikiliwi na gundi wala saruji, inashikwa na mfupa wako mwenyewe unaokua na kuiganda. Sa kama sukari iko juu kidonda kinachelewa kupona na kinapata usaha kirahisi, na moshi wa sigara unabana damu isifike kwenye fizi, skrubu inabaki inacheza na mwisho inatoka. Akasema mwenye sukari hanyimwi, ila iwe imetulia, akataka kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, sio cha kutoboa kidole asubuhi moja ambayo mtu kajinyima chai makusudi. Yeye kwa wagonjwa wake anataka kipimo hicho kisome asilimia 7 kushuka chini.

Mjomba akauliza nani alijua kwamba chuma kitashika kwenye mfupa. Hapo daktari akacheka, akamsimulia yule profesa wa Uswidi, Brånemark, aliyekuwa anachunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titaniamu, alipotaka kuvitoa vikagoma, vimeshaungana na mfupa. Mwaka 1965 akamwekea mtu wa kwanza, na yule bwana akaishi na skrubu zake mpaka anafariki 2006. Hiyo ya sungura mjomba aliipenda kupita kiasi, jioni ile aliwasimulia watu wote pale nyumbani na kila akirudia sungura anazidi kuwa mkubwa.

Tatizo la pili lilikuwa mfupa. Daktari alipitisha kidole juu ya fizi pale palipo pengo, akaniita nami niguse, kwa kweli ni pembamba kama makali ya panga. Jino likitoka ule mfupa uliokuwa unalishikilia unakosa kazi, unakonda, na mwaka wa kwanza ndo unapungua zaidi. Kwaiyo kwanza picha ya eksirei ile ya kuzunguka taya, ya kuona unene, na pengine kuongezewa mfupa, upone miezi kadhaa, ndo ije skrubu, nayo ingoje miezi mitatu mpaka sita, afu ndo kichwa cha jino kinapandishwa juu yake.

"Kuongezewa mfupa wa nani?"

Akamjibu bila kuficha. Kuna wa kwako mwenyewe unachukuliwa sehemu nyingine, kuna uliotoka kwa maiti waliojitolea unasafishwa, kuna wa ng'ombe, kuna wa nguruwe, na kuna wa kutengenezwa kiwandani. Mjomba alinyamaza, baraghashia yake akaivua akaivaa tena. Daktari akasema mzee, utachagua wewe, na hata ule utando wa kufunikia mfupa uulize umetoka wapi maana mara nyingi nao ni wa mnyama. Mi naona daktari wa kwetu huku asiyetaja hilo kabla hajakata fizi ya Muislamu anamkosea, hata kama kazi yake ni safi vipi.

Hela nayo aliichambua. Ukitajiwa bei uliza ni ya skrubu peke yake au na kile kipande cha kati na kichwa cha juu, picha zimo, mfupa umo. Na kadi yenye jina la kampuni na saizi ya skrubu udai uitunze, kila kampuni ina bisibisi yake na vipande vyake, siku kikilegea uko Newala daktari mwingine ataanzia wapi? Akaongeza kwamba jino lile halitoboki, lakini fizi inayolizunguka inaugua, na skrubu haina mshipa wa kukuumiza, mfupa unaweza kuliwa taratibu mtu anacheka tu, kwaiyo mswaki, uzi wa meno na kurudi kuangaliwa ni palepale.

Harusi akatatuliwa kwa meno ya kuvaa na kuvua. Wakamjazia mdomoni ule uji mzito wa pinki unaonukia minti wa kuchukulia chapa, machozi yanamtoka, mate yanamchuruzika kidevuni, na bado anataka kuongea, mi namshika mkono namwambia mjomba pumua kwa pua. Kwenye picha za harusi anang'aa, ila biriani alilila kwa tahadhari.

Miezi ikapita akarudi, safari hii anajiamini kabisa, sukari imeshuka, sigara kaacha kweli, shangazi alikula kiapo. Daktari kafurahi, kamfungua mdomo, kavuta mdomo wa chini, kasimama.

"Mzee, hiki nini?"

"Ugoro."

"Si tulikubaliana tumbaku basi?"

"Daktari, wewe ulisema sigara."

Na ni kweli, nilikuwepo, alisema sigara. Akapangiwa tarehe nyingine.