Fikasi Zilivyoingia Karoni Kwangu

Nilipohamia nyumba yangu mpya Jambiani, Unguja, nilitaka ua wa miti inayobaki kijani mwaka mzima, kwa kuwa wapita njia walikuwa wakituona hadi ukumbini. Muuza miche aliniuzia fikasi 30 na kunihakikishia kuwa hatua moja kutoka ukutani inatosha, kwani mti ukipogolewa juu, mizizi nayo hudumaa. Nikamwamini, mimi niliyekuwa nikijigamba mbele ya shemegi zangu kuwa miti naijua, ilhali fikasi ni jamaa ya mkuyu, mti wa mizizi mikali.

Mwaka wa 4, karo la choo likaanza kurudisha maji. Fundi alifukua bomba, na kwenye kiungo kilichokuwa kikivuja akavuta fungu la mizizi laini, refu kuliko mkono wangu, mithili ya mkia wa farasi. Mizizi haitoboi bomba lisilo na ufa. Hufuata unyevu, na ikikuta ufa huingia. Huku kwetu maweni, udongo ukiwa haba juu ya jiwe la matumbawe, haina njia ila kutambaa pembeni.

Nikaikata miti yote. Hapo mzee mmoja jirani akanishauri nimwage chumvi juu ya visiki. Nilimwaga gunia zima kwa bidii ya mtu anayemzika adui yake. Haukupita muda mchaichai na mpapai wa mke wangu vikakauka, ilhali visiki vilichipua majani mazuri kuliko ya mwanzo. Sikusemeshwa kwa siku 3. Visiki vilikuja kung'oka kwa sururu na mtaimbo, na ujira wa vijana ulizidi bei ya miche mara kadhaa.

Lililonifaa nililipata kwa bahati. Nikichimba mtaro wa kuzuia mizizi kati ya nyumba na mahali pa ua mpya, niligonga jiwe kwa kina cha dhiraa moja tu, nikatambua kuwa mizizi nayo huishia hapo, isipokuwa penye nyufa. Nikaziba nyufa kwa zege, nikasimamisha mabati makuukuu juu ya jiwe, nikayaacha yachomoze vidole viwili juu ya ardhi, maana mizizi hupanda juu ya kizuizi kilichofukiwa. Yataliwa na kutu, lakini mabati ya bure hayachaguliwi.

Niliiachia mvua ya masika ioshe chumvi, ndipo nikapanda mhina, futi moja kati ya mche na mche na mita 2 kutoka ukutani, nipate pa kupita ninapopogoa. Siku hizi kila nyumba yenye harusi huja kwa mke wangu kuomba majani, naye huwasimulia habari ya mchaichai wake.