Kichwa kuuma na vigimbi kukaza baada ya kukimbia: kilichonisaidia

Hatimaye nakimbia jioni hapa Dar na kulala bila maumivu, kwa hiyo naandika kwa wenye shida kama yangu.

Kila nikitoka kukimbia Daraja la Tanzanite, kichwa kiligonga mpaka usiku, na vigimbi vikakaza nikiwa kitandani. Nikaongeza maji, ikawa kuamka kwenda chooni tu. Ndizi na madafu navyo havikubadilisha kitu. (Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni kidogo.)

Kilichonifumbua macho ni kofia yangu nyeusi. Ikikauka inabaki na michirizi myeupe: chumvi ya jasho. Nayo chumvi hiyo sikuwa nairudisha.

Nikaanza kujipima uzito kabla na baada ya kukimbia, nimeshajifuta jasho na kuvua nguo zilizolowa, maana zinadanganya mizani. Kila kilo inayopungua ni takriban lita moja ya maji. Kisha nikachanganya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ule mchanganyiko wa mtu anayeharisha. Kijiko kifutwe juu kwa kisu kiwe sawasawa, kisijae kilima. Onja: ladha isizidi chumvi ya machozi.

Nakunywa taratibu nikishafika nyumbani, si kwa mkupuo. Nakamulia na ndimu, ladha yenyewe si ya kusifiwa. Mwenye presha au tatizo la figo amuulize daktari kabla ya kujaribu.