Redio katika ua wa Palazzo Federici

Usiku huu nimeitazama tena filamu ya mwongozaji Mwitalia Ettore Scola, Una giornata particolare (yaani Siku ya Pekee), ya mwaka 1977, na pengine niseme nimeisikiliza zaidi kuliko kuitazama. Hadithi yote imo ndani ya siku moja ya Mei 1938, Hitler alipokuwa mgeni wa Mussolini mjini Roma, miaka miwili baada ya Italia kujitangazia himaya juu ya Ethiopia, na karibu yote inatokea Palazzo Federici, jengo kubwa la fleti ambalo madirisha yake yanatazamana kuuzunguka ua. Baada ya picha halisi za habari za serikali za wakati ule, zilizojaa treni, bendera na umati, tunaingia alfajiri kwa Antonietta, mama wa watoto sita, anayewaamsha watoto wake, kuwavisha sare na kuwaaga pamoja na baba yao wanaokwenda kwenye gwaride. Jengo zima linamiminika ngazini. Wanaobaki ni Antonietta na vyombo vyake visivyooshwa, mwanamke msimamizi wa jengo, na Gabriele, mpangaji wa ghorofa ya sita.

Gwaride lenyewe hatulioni kamwe, ila tunalisikia tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu msimamizi ameifungulia redio yake uani kwa sauti ya juu, na hakuna dirisha linaloweza kuizuia. Mtangazaji anasifu vikosi, nyimbo za chama zinafuata, umati unashangilia, na juu ya makelele hayo watu wawili wanasaga kahawa, wanajifunza hatua za rumba, wanagombana na kupatana. Gabriele naye alikuwa mtangazaji wa EIAR, shirika la redio la taifa, hadi alipofukuzwa kwa kuwa ni mwanamume anayependa wanaume. Kwa hiyo kila neno linalopanda kutoka uani linatoka katika kazi aliyonyang'anywa, na yeye analazimika kulisikiliza akiwa anangoja kuja kuchukuliwa na polisi. Kwangu mimi hilo ni kali kuliko mandhari yoyote ya kipigo ambayo Scola angeweza kutuonyesha. Katika filamu yote hakuna anayemvunja mtu mkono, na bado pumzi inakubana.

Wanakutana kwa sababu ndege wa Antonietta ametoroka na kutua karibu na dirisha la Gabriele. Anapogonga mlango hajui kwamba mezani kulikuwa na bastola, na kwamba mtu anayemfungulia alikuwa amekaribia kujiua. Antonietta ni muumini wa kweli wa utawala ule. Ana albamu ya picha za Mussolini pamoja na misemo yake, na ametengeneza sura ya kiongozi huyo kwa vifungo vya nguo. Msimamizi anapomwonya kwamba yule wa ghorofa ya sita anaupinga ufashisti, Gabriele analirekebisha shtaka hilo: si yeye anayeupinga ufashisti, bali ufashisti ndio unaompinga mpangaji wa ghorofa ya sita. Katika albamu imo kauli kwamba si mwanamume yule ambaye si mume, si baba na si askari. Gabriele anaisoma na kujipima nayo, naye si lolote kati ya hayo matatu.

Kisha inakuja juu ya paa la jengo, kati ya shuka zilizoanikwa, ile sehemu ambayo kila aliyeitazama filamu hii anaikumbuka. Antonietta, ambaye ndani ya nyumba yake haulizwi lolote, amedhani kwamba mwanamume huyu mpole anamtaka, naye anambusu. Gabriele anasimama kama mti, halafu anamweleza kwamba yeye si mwanamume anayemdhania. Anapigwa kofi. Wakishuka ngazi, Gabriele anajipachika kwa sauti kuu tusi ambalo watu wangempachika, akilipigia mwangwi katika jengo tupu, na nadhani ndiyo mara pekee katika siku nzima ambapo sauti ya mtangazaji huyu inashindana na redio. Marcello Mastroianni, anayemwigiza Gabriele na ambaye dunia ilimjua kama mpenzi wa wanawake, alipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar kwa uigizaji huu, na Sophia Loren, ambaye ndiye Antonietta, aliyevuliwa urembo wote na kuvikwa gauni la nyumbani lililochakaa, kwa maoni yangu amemzidi. (Mmoja wa mabinti wa Antonietta ameigizwa na Alessandra Mussolini, mjukuu wa dikteta mwenyewe na mtoto wa dada yake Loren. Nashangaa walizungumza nini mezani baada ya kazi.)

Wapo wanaolalamika kwamba baadaye wawili hao wanalala pamoja, kana kwamba mapenzi ya mwanamke yangekuwa dawa. Nami nilikuwa na wasiwasi huo, lakini leo nimeyasikiliza vizuri mazungumzo yanayofuata. Gabriele anasema kwa upole kwamba ilikuwa vizuri na kwamba haibadilishi kitu. Anayebadilika ni Antonietta: jioni anaanza kusoma kitabu alichopewa, wakati mumewe anamngoja kitandani akiwa na mpango wa mtoto wa saba, atakayeitwa Adolfo. Wanaume wawili wamekwisha kumchukua Gabriele kumpeleka uhamishoni katika kisiwa cha Sardinia.

Kinachonishughulisha zaidi ni kwamba hakukuwa na sheria iliyomtia hatiani. Wakati wa kuandaa kanuni ya adhabu ya mwaka 1930, kifungu cha kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja kilipendekezwa kikaondolewa, kwa hoja kwamba uovu huo haukuwa umeenea Italia kiasi cha kuhitaji sheria. Taifa la wanaume kamili lingekirije kuwa na watu hao? Badala yake, polisi na kamati zao waliweza kumhamishia mtu kisiwani au kijijini mbali hadi miaka mitano, bila kesi mahakamani. Makapera kwa ujumla walikuwa wakitozwa kodi tangu 1927, na Gabriele anasema ni kama vile upweke ni utajiri.

Mwaka mmoja baada ya siku inayosimuliwa katika filamu, mkuu wa polisi wa Catania, Alfonso Molina, aliwakamata wanaume wengi wa mji huo, na zaidi ya 40 walipelekwa San Domino, katika visiwa vya Tremiti kwenye Bahari ya Adria, ambako jioni walifungiwa mabwenini. Scola anaishia kabla ya kisiwa, na kwa filamu aliyoitaka huenda alifanya sawa, lakini mimi nimebaki na hamu ya filamu inayoanzia pale yake inapokoma. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, watu hao walirudishwa makwao kuishi chini ya uangalizi wa polisi, na mmoja wao alipohojiwa baada ya miaka mingi alieleza kwamba wapo waliolia walipokuwa wakiondoka, kwa kuwa huko kisiwani, pamoja na kufungiwa, hawakulazimika kujificha wao kwa wao. Huko Catania walikuwa wanarudi kwa mama zao, kwa majirani, na kwa polisi wale wale.