Nilivyofanikiwa kupima kimeng'enya kinachokata ute wa mwani

Mwani mwekundu unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, katika kaunti ya Kwale, ukichemshwa hutoa ute mzito ambao ukipoa huganda. Ute huo ndio karajinani, mnyororo mrefu wa sukari ya galaktosi uliobeba vikundi vya salfeti. Kimeng'enya cha mate yetu kinachovunja wanga hakiuwezi, kwa kuwa wanga umejengwa kwa glukosi na viungo vyake ni vya aina nyingine. Hata hivyo, mwani uliotupwa na maji ufukweni haukai milele, maana wako bakteria wa baharini wanaoukata na kuula. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho wa biokemia, hapa Mombasa, ilikuwa kumpata mmoja wao na kupima nguvu ya kimeng'enya chake.

Kupata sampuli hakukunisumbua. Nilivuka kivuko cha Likoni nikiwa na kopo la mwani aina ya kotoni ulioanza kuoza, ukiwa ndani ya maji yake ya bahari, na jioni hiyohiyo nikaupanda kwenye visahani vya agari, rojo iliyoganda ya kukuzia bakteria. Siku ya tatu baadhi ya makundi ya bakteria yalikuwa yamezama ndani ya visahani, kila moja limechimba kishimo chake, nami nikaamini kwamba nimefika. Kumbe agari nayo hutokana na mwani mwekundu, na bakteria hao walikuwa wakila sahani yenyewe, jambo lisilothibitisha lolote kuhusu karajinani. Nikaanza upya, safari hii nikitengeneza visahani kwa karajinani ya aina iitwayo kapa badala ya agari, gramu 20 kwa lita moja ya maji ya bahari, na kuongeza kloridi ya potasiamu kidogo, kwa sababu potasiamu ndiyo inayoifanya kapa igande imara. Kundi moja la rangi ya manjano hafifu lilichimba kishimo chenye maji ndani yake, na hilo ndilo nililolikuza.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika kupima. Kila kimeng'enya kinapokata mnyororo, ncha mpya ya sukari hujitokeza, na kitendanishi cha DNS, kemikali ya kupimia sukari, kikichemshwa pamoja na ncha hizo hugeuka kutoka manjano hadi wekundu wa kahawia, ambao husomwa kwa spektrofotometa, chombo cha kupimia ukolevu wa rangi kwa mwanga, kwenye nanomita 540. Mirija yangu yote, yenye karajinani ya unga niliyoiyeyusha, iligeuka rangi. Ule wenye kimeng'enya ulikuwa mwekundu, na ule wa kulinganishia, ambao kimeng'enya chake nilikuwa nimekiua kwa kukichemsha, ulikuwa mwekundu vilevile. Kwa wiki mbili nilibadilisha joto, muda na chumvi, nikiwalaumu bakteria, mpaka mama mmoja, fundi mkongwe wa maabara ile, aliposimama karibu na meza yangu.

"Mwanangu, umeupima huo unga peke yake?"

"Bado, mama."

"Basi anzia hapo."

Niliupima, ukatoa wekundu uleule. Unga wa karajinani wa kutengenezea vyakula mara nyingi huchanganywa na sukari ili nguvu ya kuganda ilingane kutoka shehena moja hadi nyingine, na sukari inayotumika ikiwa glukosi, kitendanishi huisoma moja kwa moja. Nikauosha unga kwa alkoholi ya asilimia 80, ambayo huyeyusha glukosi lakini haiyeyushi karajinani. Nilikoroga kwa nusu saa, nikauacha utulie chini ya bika kama machicha ya nazi, nikamwaga alkoholi na kurudia, kila mara nikipima yale niliyomwaga. Mwosho wa nne haukubadilisha rangi ya kitendanishi hata kidogo, na furaha niliyoipata kwa kuona manjano yale sijaisahau.

Baada ya kuukausha, niliuyeyusha mwepesi kabisa, gramu 2 kwa lita, nikitumia chumvi ya sodiamu badala ya potasiamu ili usigande ndani ya mirija. Kimeng'enya nilikipata kirahisi, kwa sababu bakteria huyu hukitoa nje ya mwili wake, hivyo ilitosha kuzungusha maji ya ukuzaji katika sentrifyuji na kuchukua yaliyobaki juu. Safari hii mrija wenye kimeng'enya kilichochemshwa ulibaki manjano, na wenye kimeng'enya hai ukazidi kukolea kila nilipotoa sampuli, baada ya dakika 10, 20, 40.

Siku iliyofuata nilijaribu karajinani ya iota, inayotokana na mwani wa spinosamu. Kapa ina salfeti moja kwa kila sukari mbili, iota ina mbili, na tofauti hiyo ndogo huhitaji kimeng'enya cha jamii nyingine kabisa. Hata Zobellia galactanivorans, bakteria aliyechunguzwa sana huko Roscoff, Ufaransa, ana kimeng'enya cha kapa na kingine cha iota. Mrija wangu wa iota ulibaki manjano hadi mwisho wa saa, na sasa ndani ya jokofu limo kopo jingine, la spinosamu iliyooza.