Kielezi Kikae Wapi Penye "can" na "must"?

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba vitenzi modali, yaani "can", "could", "may", "might", "will", "would", "shall", "should" na "must", havichukui "-s" ya nafsi ya tatu wala havifuatwi na "to", kisha mwalimu hugeukia mada nyingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo somo lenyewe lilipostahili kuanza, kwa sababu ugumu wa vitenzi hivi hauko katika umbo lao bali katika vinavyovizunguka: kielezi kinachowekwa kabla au baada yao, na kirai kinachoanza kwa kihusishi kisha kikafuatwa na kitenzi-jina chenye "-ing". Mimi huhariri maandishi ya Kiingereza ya watu waliokulia katika Kiswahili, na sentensi zinazonichukua muda mrefu zaidi ni zile zenye vitu hivi vitatu kwa pamoja.

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Kielezi cha katikati ya sentensi husimama baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza, kwa hiyo tunaandika "You can easily open the box" na kuepuka "You can open easily the box", kwa kuwa Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake. Utamu uko pale kielezi kinapohama. "You simply can't leave" humaanisha kwamba kuondoka hakuwezekani kabisa. "You can't simply leave" humaanisha kwamba kuondoka kunawezekana, ila si hivi hivi tu. Kuna mtu wa kuarifiwa kwanza au kazi ya kukabidhiwa. Maneno ni yale yale, lakini katika sentensi ya kwanza kielezi kiko nje ya ukanushi na kinautilia nguvu, ilhali katika ya pili kimeingia ndani yake na chenyewe ndicho kinachokanushwa.

Vielezi vya makadirio vina tabia yao. Tunasema "She will probably come", lakini sentensi ikikanushwa kwa umbo fupi, kielezi hutangulia: "She probably won't come". Anayeandika "She won't probably come" ataeleweka, ingawa sikio la mzawa litashtuka kidogo. Tazama pia jinsi vielezi viwili vinavyogawana nafasi katika mnyororo mrefu wa visaidizi: "The letter may well have been deliberately hidden". Neno "well" limeshikamana na "may" na kuongeza uzito wa uwezekano, wala halina uhusiano wowote na kuficha vizuri. "Deliberately" limesogea hadi mlangoni pa kitenzi kikuu kwa sababu linaeleza namna tendo lilivyofanyika. Ukivibadilishana nafasi, sentensi itavunjika. Na "well" hii ina wenyewe: huenda na "may", "might" na "could", lakini hakuna asemaye "must well have been hidden".

Sasa tuje kwenye vihusishi. Baada ya kihusishi Kiingereza hudai umbo la "-ing", na hapa Kiswahili chetu hutuponza, maana sisi husema "kwa kusoma" na "bila kuuliza", na kwa kuwa tumezoea kulinganisha "kusoma" na "to read", mkono huandika "by to read". Sahihi ni "You can improve by reading" na "You should not enter without asking". Hata "to" yenyewe huwa kihusishi wakati mwingine, kama katika "You may look forward to hearing from us", ambapo "to hear" ingekuwa kosa.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni kwamba kitenzi chetu "kuweza" ni kitenzi kamili kinachokubali kukaa popote, ndiyo maana tunasema "bila kuweza kuona" pasipo taabu yoyote. "Can" haina umbo la "-ing", kwa hiyo haiwezi kabisa kuingia baada ya kihusishi, na Kiingereza hulazimika kuazima maneno mengine: "without being able to see". "Must" nayo huacha nafasi yake kwa "have to", tukapata "without having to pay", na "may" ya ruhusa hupisha "without being allowed to speak".

Mambo haya yote hukutana katika sentensi ya aina hii: "You can't really understand the contract without carefully reading it". "Can't" na "without" ni kanusho mbili zinazozaa sharti, kwamba mkataba lazima usomwe. "Really" imo ndani ya ukanushi, hivyo msomaji mzembe anaweza kuambulia kitu fulani, ila hautakuwa uelewa wa kweli. Isogeze mbele, "You really can't understand", na hata huo uelewa kidogo unakataliwa. "Carefully" imefungiwa ndani ya kirai cha "without" na haigusi kuelewa; inachosema ni kwamba kuupitisha macho mkataba hakutoshi.

Kirai cha "by" nacho huvutwa na ukanushi kwa namna ambayo wengi hawaitambui. "You should not save money by skipping meals" haikatazi kuweka akiba. Kinachokatazwa ni njia. Ukitaka kusisitiza kwamba njia ni moja tu, "only" itakufaa, na mahali pake hubadilisha mpangilio wa sentensi nzima: "You can improve only by practising" ni ya kawaida, lakini kirai kikitangulizwa, kitenzi modali huruka mbele ya kiima, "Only by practising can you improve". Bila "only" hakuna mruko huo: "By practising you can improve". Nimekuta waandishi wazuri kabisa wakiruka pasipohitajika, na wengine wakisahau kuruka panapohitajika.

Kielezi ninachokihofia zaidi ni kile kinachokaa mpakani. Katika "People who learn by listening often can imitate the accent", neno "often" linatazama pande zote mbili, na msomaji hajui kama watu hao husikiliza mara nyingi au kama mara nyingi huweza kuiga lafudhi. Katika mazungumzo, pumzi ya msemaji huamua. Katika maandishi hakuna pumzi, na koma husaidia nusu nusu. Mimi huhamisha kielezi bila kusita. Kama kinahusu uwezo, nakiweka baada ya kitenzi modali, "can often imitate". Kama kinahusu kusikiliza, naandika "by frequently listening", hata kama sentensi itapoteza ulaini kidogo.